Kiwambo cha Bunduki ya Baba

Galeton, Pennsylvania
12 Septemba

Mwanangu Lorna,

Salamu nyingi. Mimi mzima isipokuwa masikio, na mbwa mzima isipokuwa tabia. Wewe je, na huko Pittsburgh kwenu?

Usishangae kuona barua, simu imenishinda. Ulivyonipigia mara ya mwisho nilisikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya debe, nikajibu "safi sana, hongera" ili usijue nimezeeka. Kumbe ulikuwa unaniambia umeachana na Russell! Jirani yetu Opal Kreider ndiye aliyenieleza, maana baadaye ulimpigia yeye ukilia. Nisamehe, mwanangu. Nimeona aibu hadi chakula kimenishinda.

Sasa nina ombi. Daktari wa masikio anasema ni bunduki, kuwinda miaka yote hiyo bila kuziba masikio. Kilichokufa kimekufa, kilichobaki kinaweza kulindwa. Kuna kile kiwambo cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki. Hakizimi mlio kama kwenye sinema, kinaupunguza tu. Lakini serikali inataka alama za vidole, picha, kodi, halafu ungoje miezi na miezi mpaka ujione mhalifu. Bungeni kuna muswada wa kulegeza hayo. Klabu yetu imegawa kadi za kumpelekea mbunge, zimeshachapwa, kazi yako kusaini tu. Mimi sisaini maneno ya mtu mwingine. Wewe ni mwalimu, kalamu unaiweza. Niandikie.

Babako


Pittsburgh
25 Septemba

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, naendelea kuzoea nyumba yenye mtu mmoja. Hilo la Russell usiumie nalo. Katika yote niliyoambiwa na watu, hongera yako ndiyo iliyokuwa na ukweli.

Ila habari ya kiwambo imenivuruga akili. Darasani kwangu tunawafundisha watoto wa miaka saba kujificha wakisikia mlio wa bunduki, isije ikawa mtu kavamia shule kuua. Wakisikia, Baba. Mlio ndio kengele yao. Halafu mimi huyo huyo nimwandikie mbunge upunguzwe?

Na Mama je? Unakumbuka kila asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, alivyokuwa akiacha dirisha la jikoni wazi katika baridi ile? Bunduki zililia bonde zima, lakini yako aliijua. Ikilia anasema "huyo!" na kuweka vitunguu motoni, maini yanakuja. Ikipita saa sita hajaisikia, nani alithubutu kumsemesha?

Nimekutumia vizibo vya masikio. Vivae. Au acha kuwinda, kwani lazima? Sijui, Baba. Nipe muda.

Bintiyo


Galeton
8 Oktoba

Mwanangu,

Habari za siku? Huku majani yameiva mekundu, na goti linanikumbusha kila ngazi.

Vizibo nimepata, asante. Nikivivaa simsikii kulungu akikanyaga majani, nabaki juu ya mti ninakomvizia kama mzigo uliosahauliwa. Ati niache kuwinda, unasema wewe uliyekuzwa kwa nyama hiyo! Haya bwana.

Mbunge nimemwandikia mwenyewe. "Mheshimiwa, sisikii. Nataka kulinda kilichobaki. Legezeni sheria." Jibu limekuja, saini nzuri ya wino wa bluu, akinishukuru kwa maoni yangu kuhusu bei ya maziwa. Nilimpa Opal asome, nikidhani na macho nayo yameniaga.

Lorna, sitaki tubishane kuhusu bunduki. Nikiwafikiria watoto wa darasa lako nachanganyikiwa kabisa, naenda kulala mchana. Ila ukija Sikukuu ya Shukrani mwezi ujao nataka nikusikie ukiongea kwa sauti yako ya kawaida, siyo ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ni hilo tu ninalolitaka.

Babako mkaidi


Pittsburgh
1 Novemba

Baba,

Hujambo? Mimi mzima, mafua tu ya shuleni.

Nimeandika. Nakala iko humu ndani. Usidhani umenishawishi. Nimeandika kwa sababu ya maneno yako ya mwisho yale, nami nimemwekea mbunge kama yalivyo. Nilipoidumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta nikataka kuitoa tena, mkono ukakwama, mama mmoja akaniuliza kama naiba barua za watu.

Nakuja Sikukuu. Naleta mkate wa maboga. Wewe mchome bata mzinga, tafadhali usimkaushe kama wa mwaka jana.

Bintiyo


Hospitalini
6 Desemba

Mwanangu,

Salamu kutoka kitandani. Usiogope, kilichovunjika ni mguu, mkono bado wangu. Jumamosi ulipokuja hapa kunijulia hali ulikuwa unauliza maswali nami natazama mdomo wako tu, kwa hiyo acha nikueleze kwa utaratibu.

Siku ya kwanza ya msimu, kesho yake baada ya wewe kuondoka, nilipanda dungu langu juu ya mti. Ngazi ilishika barafu. Wakati wa kushuka nikateleza, na mguu ukanikunjikia chini yangu. Simu haishiki kule bondeni, unajua. Theluji ikaanza. Nikafanya alivyonifundisha babu yako: risasi tatu hewani, moja moja, kwa nafasi. Kila mtu wa bonde letu anajua maana yake ni njooni.

Opal alikuwa anaosha vyombo. Anasema aliitambua bunduki yangu kwenye risasi ya kwanza, ya pili ilimkuta akivaa viatu. Nikamuuliza ameijuaje. Kumbe tangu mama yako afariki, yeye ndiye anayeacha dirisha wazi siku hiyo, bila kuniambia neno.

Vizibo vyako vilikuwa mezani nyumbani. Sikio la kushoto limekwisha, daktari kathibitisha.

Basi niambie. Mlio umeniokoa, na mlio huo huo umenimaliza. Ningekuwa na kiwambo, Opal angesikia? Labda. Labda ningekuwa hai na masikio yangu, labda ningekuwa kaburini na masikio yangu. Nageuza geuza, sipati kichwa wala mkia.

Na vituko havijaisha. Ofisi ya mbunge imejibu. Barua yako imewagusa, wanataka Januari nikaseme mbele ya watu, ukumbi wa zimamoto, kwa nini sheria ilegezwe. Nikaseme nini?

Babako


Pittsburgh
13 Desemba

Baba yangu,

Mguu unaendeleaje? Chakula cha hospitali umekisamehe?

Unaniuliza mimi useme nini, mimi niliyeiandika barua ile! Tangu uanguke silali vizuri. Najiona kama niliyetaka kulifunga dirisha la Mama kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nakumbuka unavyonitazama mdomo, na nataka kuiandika tena.

Sema yote mawili. Wakikuona huna msimamo, waache wakuone.

Bintiyo anayekupenda


Galeton
20 Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Nimerudi nyumbani, natembelea magongo, na mbwa anayaogopa.

Mkutano nimekwenda. Mlangoni wanaounga mkono wanabandikwa karatasi ya kijani, wanaopinga nyekundu. Kijana wa ofisi ya mbunge akanibandika kijani kabla sijafungua mdomo. Nilipopita, mama mmoja aliyebeba kifuani picha ya mwanawe aliyeuawa kwa bunduki akageuza uso. Nilitaka kumwambia ngoja kwanza, mama, hata mimi sijui.

Nilisema yote mawili. Kwenye masikio, wa kijani wakapiga makofi. Kwenye risasi tatu, wa nyekundu wakapiga. Sikuyasikia, niliona mikono tu. Yule kijana akauliza kitu, Opal akaniandikia: "Anauliza uko upande gani." Nikamwambia kijana, "Hamia huku kulia kwangu uulize tena, kushoto hakuna mtu." Ukumbi ukacheka, nami nikashuka.

Mpaka leo sijui nimemsaidia nani. Mama wa picha alinishika mkono wakati wa kutoka, akasema kitu, akaondoka. Alikuwa upande wa kushoto. Linaniuma, Lorna. Sitajua kamwe alichosema.

Bunduki iko ukutani. Sijaiuza, wala sijaapa kuacha kuwinda. Ila sikio hili moja sitaki tena kulitumia kwa kulungu.

Babako


Pittsburgh
28 Januari

Baba,

Nimekusoma, nikarudia, nikalia, na sasa nimenawa uso.

Barua hii usiijibu. Jumapili ukitoka kanisani kaa karibu na simu ya mezani. Nitapiga. Weka sikio la kulia. Nitaongea polepole, kwa sauti yangu ya kawaida, nina jambo langu kuhusu Russell ambalo sitaki kuliandika. Tukimaliza saa nzima kwa sentensi moja, sawa.

Usiposikia, niambie hujasikia. Nitarudia. Ila usithubutu kuniambia safi sana.

Bintiyo
Lorna