Makaa ya Juu ya Kifuniko

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Temeke, marahaba. Sisi wazima. Babu yako anakohoa kidogo, zaidi akiombwa akachote maji.

Umeuliza umwambie nini mwenzio wa chumbani aliyefiwa na mama yake, naye hataki kula. Maneno sina, mjukuu wangu. Nina mkate tu.

Nilipokuwa bi arusi mpya, enzi hizi hizi za Mwingereza, mama mkwe alifiwa na binti yake wa pekee. Matanga yakaisha, watu wakaondoka, naye akabaki na maji tu, hasemi. Tukaogopa atamfuata mwanawe. Nikampikia mkate wa kumimina, na kachumbari ya ndimu ya kumwamsha ulimi. Lakini makaa yote niliyaweka chini ya sufuria, juu ya kifuniko nikasahau. Mkate ukaungua chini, juu ukabaki uji.

Nikampelekea hivyo hivyo. Akamega, akatafuna, akanitazama.

"Nani kakufundisha kupika?"

"Mama yangu."

"Usimsingizie mama wa watu. Na vitunguu hivi hukuviosha kwa chumvi."

Akainuka. Rojo la mkate lililobaki akalimimina mwenyewe, akapanga makaa juu ya kifuniko, tukakaa kuungoja. Ulipoiva tukala pamoja.

Basi kampikie mwenzio. Chakula kikiwa kibaya, mwache akiseme. Mama mkwe alinisema hivyo mpaka uzee wake, na kila aliponisema nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Bibi yako, ambaye mkate wake sasa unaiva pande zote mbili