Motokari Yenye Volani Kuume

Siku ya Mungu, 1 Septemba 1957

Kisha misa Edouard alifika kwetu Kadutu. Huyu ni kaka mudogo wa bibi yangu Monique, infirmier, muganga wa sindano, kule Mudaka — kijana wa kupiga shati pasi hata akienda kulima. Alikunywa maji, akakohoa, akatoa habari: jamaa yote imekusanyika, wamepata franka za kununua motokari. Ndogo, ya bei ya chini, lakini motokari! Mimi nichague. Tena mimi nimufundishe kuendesha.

"Shemeji, nani mwingine? Wewe umefika Stanleyville, Usumbura, mupaka Kampala!"

Nikamwambia: mutoto, barabara zenyewe zinaniita kwa jina. Nikaongeza ile habari ya tembo waliotufungia njia Walikale. Leo tembo walikuwa saba. Mwaka jana walikuwa tatu.

Monique hakucheka. Aliuliza: Camille iko namna gani? Camille ni bibi ya Edouard. Mimba ya miezi nane, na Edouard anasema mutoto amelala vibaya tumboni. Wote tulifikiri jina moja. Sophie, dada yao. Mwaka jana, mvua ya Oktoba, walimubeba mu tipoye toka Mudaka, wanaume wane mabegani, Edouard mbele. Alikufia njiani, hospitali inaonekana kabisa.

Njo maana ya motokari.

Nikasema ndiyo. Nani angesema hapana?

Siku ya pili, 3 Septemba

Mu kaye hii sina mutu wa kudanganya. Basi niandike: sijaendesha motokari hata siku moja. Hata hatua mbili.

Kampala nilifika, ni kweli. Miaka tisa mu kamio ya muzee Alphonse. Lakini volani, usukani wenyewe, ilikuwa ya Alphonse. Mimi nilikuwa boi-shofere: kuosha, kutia maji, kupakia. Na ile kazi kubwa — kamio ikizimika mu mulima, kuruka chini na kigogo, kukisukuma nyuma ya mupira kabla haijaanza kurudi. Kazi ya mwanaume! Toka Uvira mupaka Lubero hakuna aliyeniweza kwa kigogo. Lakini watu waliona Placide anashuka na miwani nyeusi, wakasema "shofere". Sikuwakatalia. Mara ya kwanza ni kunyamaza tu. Mara ya mia, tembo wameingia.

Hata Monique nilimuoa na jina ile. Miaka kumi na moja mama yake anasema kwa majirani: mukwe wangu shofere.

Edouard aliuliza permis yangu, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha. Nikasema panya walikula.

Siku ya ine, 5 Septemba

Nimeenda Bagira kwa muzee Alphonse. Siku hizi anachunga mbuzi mbili, na kofia yake ya shofere kichwani. Nikamwomba anifundishe kuendesha, upesi, kwa siri. Alicheka mupaka mbuzi zikakimbia.

"Wewe na volani, Placide? Pale Kamanyola nilikuambia uishike tu, motere imezimwa, ukafunga macho!"

Kulikuwa jua kali!

Kisha akaacha kucheka. Akasema kijana yule atamufundisha yeye mwenyewe, bila franka. Lakini ukweli niuseme mimi. Yeye hatausema mahali pangu.

Nikakubali. Njia yote nilikuwa natengeneza maneno, na maneno yalikuwa mazuri, safi kama bilauri! Kufika nyumbani — mama mukwe Eulalie ametuma jogoo. Jogoo ya kunishukuru, mimi mwalimu wa Edouard. Tumeila. Ile ukweli ilishuka nayo.

Siku ya posho, 7 Septemba

Motokari tatu. Edouard na kaye yake, kalamu nyuma ya sikio.

Ya kwanza: ya Kimerikani, nyeusi, ndefu kama misa ya Pasaka. Inakunywa esanse kuliko mulevi siku ya mushahara. Kwaheri.

Ya pili: kamioneti ya kijivu, nyuma wazi ya kupakia, ya muzungu mumoja wa shamba la kahawa. Sura mbaya, viti vigumu, lakini motere inahema vizuri — hapo sidanganyi, motere nazijua kwa sikio. Edouard aliweka kaye chini. Alipanda nyuma, akalala chali na shati yake nyeupe, mikono juu ya tumbo. Nilidhani anachezea. Hapana. Alikuwa anapima kama Camille atanyooka pale. Nikageuza macho.

Ya tatu: ndogo, bluu, imetoka Uganda. Volani yake iko kuume, maana kule kwa Waingereza wanatembelea kushoto. Hapa kwetu inaogopesha watu, njo bei inaanguka. Niliingia kukaa tu. Eh! Nilikuwa kwangu! Miaka tisa nimekaa kuume kwa Alphonse. Toka upande huu najua mufereji uko wapi, daraja linaishia wapi, kuku anafikiri nini. Macho yangu hayajui kutazama barabara toka kushoto. Moyo uliniambia: Placide, kwa hii unaweza.

Nikasema: hii.

Edouard: "Lakini shemeji, nikitaka kupita kamio iko mbele, nitaona namna gani?"

"Shofere wa kweli haoni, anasikia!"

Aliandika. Mungu wangu, aliandika mu kaye!

Mwenye kuuza alikuwa mutu mwema, alisema wazi kwamba fren ya mukono, ile ya kuzuia motokari isirudi, imelegea. Nikasema hiyo si kitu.

Siku ya kwanza, 9 Septemba

Imenunuliwa. Boi wa mwenye kuuza ameileta mupaka mulangoni, akaenda zake. Kadutu yote imekuja kuigusa. Nimepiga honi. Honi ninaiweza.

Ile kamioneti imekwenda Walungu na mutu mwingine.

Siku ya ine, 12 Septemba

Somo ya tatu. Edouard anakaa kwenye kiti cha jikoni, kifuniko cha sufuria mukononi — volani. Mawe matatu chini ya miguu. Mwiko ni vitesi, gia. Mimi ninanguruma na mudomo, ninapanda mulima, ninashuka. Watoto wa jirani wanalipa mahindi kutazama. Monique anasonga bugali bila mwiko.

Edouard hakosei. Anasema kila kitu kama sala. Kisha akaweka kifuniko chini: "Shemeji, motokari yenyewe ni siku gani?"

"Haraka ya nini?"

"Camille," akasema.

Alipoenda, Monique alichukua mwiko wake. "Placide, unaiogopa ile motokari?"

Mimi? Mimi niliyesimama mbele ya tembo kumi na mbili?

"Walikuwa saba," akasema. Akaendelea kusonga.

Siku ya posho, 14 Septemba

Mama mukwe ametuma neno. Kesho tufikishe motokari Mudaka, padri ataibariki. Halafu Camille apande, tumulete hapa kwetu angojee karibu na hospitali. Miguu imemuvimba.

Kesho!

Mchana, watu wakiwa sokoni, niliingia nikaiwasha. Ikanguruma. Nikaizima. Basi.

Siku ya Mungu, 15 Septemba

Ninaandika juu ya goti. Mandishi ni mabaya sababu mguu wa kuume uko juu ya fren, na siwezi kuuondoa.

Kadutu ni kushuka, na kwa kushuka kila mutu ni shofere. Nimepita kuku mbili, zote ziko wazima. Edouard kushoto kwangu alikuwa anang'aa kama mutoto wa komunyo ya kwanza. Nilianza hata kuimba.

Halafu mupando wa Bagira. Kupanda! Vitesi ikakataa, ikalia, motere ikakufa. Tukaanza kurudi nyuma. Nikavuta fren ya mukono — imekuja yote, nyepesi kama mukia wa mujusi. Nikakanyaga hii ya chini na miguu yote miwili. Tukasimama. Nyuma yetu wamama wanapanda toka misa, na watoto mugongoni.

"Sasa, shemeji?"

"Jiwe!"

Akaruka. Akaleta la mviringo, akaliweka polepole kama anamulaza mutoto. Likabingirika. Akaleta lingine la mviringo. Hapo nikapiga kelele: "La pembe tatu! Ubapa chini! Katikati ya mupira! Sukuma na kisigino, si mukono, utakatwa vidole!" Maneno yalitoka yenyewe, hakuna la uongo hata moja. Jiwe likashika.

Edouard akaja dirishani. Shati chafu, mara ya kwanza toka nimujue.

"Hii haukunifundisha na vifuniko." Akanitazama namna ile wanatazama mugonjwa anayesema hana homa. "Mu kamio ya muzee Alphonse, jiwe lilikuwa la nani?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha.

"Langu."

"Na volani?"

"Ya Alphonse."

"Siku zote?"

"Siku zote, Edouard."

Nikamwambia na ile ingine, nzito. Kwamba hii bluu niliichagua kwa ajili ya macho yangu. Kwamba kamioneti njo ilikuwa ya kumufaa, na nilimuona alivyolala mule nyuma, na nikanyamaza.

Hakupiga kelele. Afazali angepiga. Alifuta mikono na majani, kidole moja moja, kama anataka kupiga sindano.

"Muzee Alphonse anakaa wapi?"

"Pale juu, nyumba yenye mbuzi mbili. Umwambie Placide wa kigogo iko kwenye volani. Atafahamu."

Amekimbia. Hakuniita shemeji.

Wamama wamenifikia. Mumoja akainama dirishani: "Papa shofere, imekufa?"

"Mimi si shofere, mama. Mimi ni boi-shofere."

"Na shofere iko wapi?"

"Anakuja."

Walicheka! Wakapita wakicheka mupaka kona, na mimi nikacheka nao kidogo.

Sasa barabara ni yangu peke yangu. Mudaka padri ameshika maji ya baraka, mama mukwe amevaa liputa mupya, na Camille, ninamuona kabisa, amekaa mulangoni na kifurushi chake. Edouard haonekani. Mawingu yameteremuka toka Kabare.

Tone ya kwanza imeanguka juu ya kioo. Ya pili.

Mu udongo mukavu jiwe lile litashika. Udongo ukilowa, linahitaji mutu asimame nyuma, alirudishie kisigino, kidogo kidogo, bila kuacha. Mutu huyo ninamujua, toka Uvira mupaka Lubero hakuna anayemuweza. Na yeye amekaa huku mbele, kwenye volani.