Vipimo vya Usumani

Melini, 9 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalam alaikum. Funga inaendaje? Na kikohozi, kimepoa? Mimi mzima, ila nimekukumbuka mpaka nachoka.

Uliuliza meli ikoje. Baba, hii si meli, ni mji umewekwa juu ya maji, unazungushwa kwenye visiwa vya joto. Ghorofa kumi na nane! Katikati iko bustani yenye miti ya kweli, inamwagiliwa kila asubuhi. Mabwawa saba ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, na uwanja wa barafu watu wanateleza. Abiria wa vyumba vya ndani hawana dirisha, basi wamewekewa televisheni ukuta mzima inayowaonyesha bahari ya nje. Na chini ya maji kuna mbawa mbili za chuma zinazozuia meli isiyumbe, hata chai haimwagiki.

Mimi niko ghorofa ya pili, chini kule, chumba cha nguo za kazi. Napunguza suruali za wahudumu, natia vifungo, narekebisha mapazia ya ukumbi. Chumba ninacholala hakina dirisha wala hiyo televisheni. Nafuturu kwa kutazama saa tu, jua silioni.

Binti yako,
Kamikazi


Nyakabanda, 20 Machi 2025

Binti yangu,

Waalaikum salaam. Huku tu wazima, kikohozi kipokipo tu. Valens wa cherehani ya pili pale dukani kwetu, anayepiga picha barua zangu na kukutumia, anakusalimu. Anauliza hiyo bustani mnalima nini.

Yoo! Watu wanafunga safari kutafuta joto, kisha wanabeba barafu! Na bahari iko pale nje, wao wanaitazama kwenye televisheni! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hao naona waambiwe.

Usinifikirie mimi. Mkataba wako unaisha Novemba, umalize kwa heshima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangu mama yako atangulie mbele ya haki, na wewe ukaondoka, nyumba imekuwa kubwa mno. Jioni nachelewa makusudi dukani, nazungumza na cherehani yako. Valens ananicheka.

Baba yako


Melini, 8 Aprili 2025

Baba mpenzi,

Assalam alaikum. Idi ilikuwaje? Pilau alipika nani? Mimi nilikula wali na samaki peke yangu, nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Msimamizi wangu kanipa mita nne za kitambaa cheupe kilichobaki. Nataka nikushonee kanzu ya Idi ya kuchinja. Nitumie vipimo vipya, si vile vya daftari. Wewe ndiye uliyenifundisha: mdomo wa mteja unadanganya, futi haidanganyi.

Binti yako,
Kamikazi


Nyakabanda, 19 Aprili 2025

Binti yangu,

Waalaikum salaam. Kanzu kutoka baharini! Msikitini nitaenda mapema nikae safu ya mbele, wanione vizuri.

Valens kanipima leo. Shingo 36. Kifua 86. Bega 43. Mkono 60. Urefu 142. Usiache nafasi kubwa. Sisi wazima.

Baba yako


Melini, 20 Aprili 2025

Baba,

Sijasalimia, nisamehe. Kifua themanini na sita? Nilipoondoka kilikuwa mia na nne, nilikupima kwa mikono yangu. Shingo ilikuwa arobaini na moja. Mtu hapungui hivyo kwa kufunga mwezi mmoja. Nimemuuliza Valens, kaniambia nikuulize mwenyewe. Una nini, baba?

Jana tumeondoka Amerika. Ni siku tisa za maji matupu mpaka Barselona. Meli ina mtaa wa maduka, ina hospitali, ina kila kitu, ila pa kushukia hapana. Leo nimepanda mpaka juu kabisa, pale abiria wanapoota jua, nikatazama pande zote. Maji. Nijibu, nakuomba.

Kamikazi


Nyakabanda, 24 Aprili 2025

Binti yangu,

Nimekaa siku nne na kalamu hii.

Ni mapafu. Daktari aliniambia tangu Januari. Zamani alikuwa anataja miezi, sasa anataja wiki.

Valens alitaka tukutumie vipimo vya daftari. "Mzee Usumani, weka vya zamani, mtoto asishtuke." Nikamkatalia. Miaka arobaini sijamwandikia mtu kipimo cha uongo. Nilimwambia hivyo, naye akaridhika. Lakini ukweli wote ni kwamba nilijua utavisoma. Kusema nilishindwa, nikaacha namba ziseme.

Hayo ya kumaliza mkataba, nilikuwa najikaza tu. Kila siku nataka uje. Ukinitajia miti na barafu nacheka, kisha naingia ndani nalia. Njoo, Kamikazi. Kufa sikuogopi. Naogopa kufa hujafika.

Baba yako


Barselona, 28 Aprili 2025

Baba,

Nimeshuka. Msimamizi kasaini karatasi zangu, hakuniuliza mara mbili. Nafasi yangu atapewa mwingine, na apewe. Kanzu haijaisha, nitaimalizia nyumbani wewe ukinikosoa.

Niko kwenye foleni uwanja wa ndege, naandika kwa simu. Natua uwanja wa Kanombe Jumatano saa nane mchana. Nitachukua teksi moja kwa moja mpaka Nyakabanda.

Nitakukuta?

Binti yako,
Kamikazi


Nyakabanda, 28 Aprili 2025

Utanikuta.

Baba yako