Mume Wangu Alikonda, Nikashangilia

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinigombeze mpaka ufike mwisho wa barua, maana najua utanigombeza. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, mlango wazi, wateja wanaingia bila hata kupiga hodi, na mume wangu ni fundi wa magari, mtu mpole, mcheshi, ambaye miaka yote ya ndoa yetu alikuwa na kitambi nilichokizoea kiasi kwamba naweza kumkatia suruali bila kumpima.

Mwaka jana alipimwa akaambiwa ana kisukari, akapewa vidonge na siku za kurudi kliniki, tukapokea, tukatulia. Sasa ana dada yake, wifi yangu mkubwa, ambaye sisi humwita Redio kwa sababu hazimiki, na ndiye anayeongoza kundi la familia kwenye simu, basi akaanza kututumia video za bwana mmoja anayejiita Daktari Majani, koti jeupe, kile kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, rafu ya vitabu nyuma yake, sauti tamu, anasema vidonge vya kisukari vinamfanya mtu mtumwa na kwamba ukiviacha ukanywa unga wake na juisi ya matunda asubuhi na jioni unapona kabisa, na chini ya video watu wanashukuru, huyu anasema mama yake ametupa sindano, yule anasema baba yake amerudi ujanani. Mume wangu akaagiza unga, vidonge akavitupia juu ya kabati, na mimi, Shangazi, sikumzuia, kwa sababu ushahidi nilikuwa naupima kwa mikono yangu mwenyewe: kiuno kilikuwa kinapungua.

Haupiti muda ananiletea suruali nipunguze, napunguza huku naimba. Na hapa ndipo ninapojiona mjinga zaidi, kwa sababu nguo ya mteja nikiipunguza huwa sikati kitambaa kinachozidi, nakikunja ndani, mwili wa mtu hubadilika na fundi anayejua kazi huacha akiba, ila za mume wangu nilizipitishia mkasi zote, nikamwambia hatarudi tena alikotoka. Siku koti lake la harusi lilipomwingia nilimpiga picha mlangoni, nikaipeleka kwenye kundi, pongezi zikamiminika, Redio akaisambaza kila alikoweza, na huyo Daktari Majani naye akaiweka kwenye ukurasa wake na maneno kwamba bwana huyu amepona.

Kumbe mwenzangu alikuwa na kiu isiyoisha, chooni haondoki, macho yanafifia mpaka anafunga nati kwa kupapasa, nasi tukawa tunasema ni sumu inatoka, kwa sababu Daktari Majani alisema itatoka. Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja, mteja wangu, aliyekuja kujaribisha sare yake, akamwona mume wangu anapita na chupa ya maji, akamtazama shingo ilivyochongoka, akatazama rundo la suruali mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu anakonda kwa mpango, au anakonda tu?"

Alitupeleka kupima pale pale, sare ikiwa bado na pini zangu mabegani, sukari ilikuwa juu vibaya sana, na daktari akasema tumewahi, tungezidi kuchelewa angeanguka. Ashukuriwe Mungu, amerudi kwenye dawa, kiu imekwisha, macho yanaona, na wiki iliyopita suruali ilikataa kufunga, nikakaa sakafuni kwenye mabaki ya vitambaa nikalia kwa furaha mpaka akaogopa. Nimefumua viuno vyote nikaunga kipande kwa nyuma, na kwa kuwa kitambaa kile kile sikukipata, suruali za kijivu zina kiraka cheusi makalioni, naye anavaa hivyo hivyo.

Tatizo sasa ni mama mkwe. Yeye naye ana kisukari, anajichoma sindano, na kwa sababu ya ile picha amemwagiza Redio amletee unga, anasema kama mwanawe amepona yeye anangoja nini, na mzigo ukifika sindano anaacha. Nimemsihi mume wangu aseme ukweli, amegoma, anasema hawezi kuwa kichekesho cha ukoo, ananiomba nimsitiri, na simu yenyewe haitaki tena, eti yote yaliyomo ni uongo. Shangazi, nimvunjie mume wangu heshima, au ninyamaze nimzike mama yake? Na sisi tusiosomea udaktari, tutajuaje lipi la kweli kwenye simu na lipi la kutuua?

Ni mimi, Fundi Mkata Akiba

*

Marahaba, mwanangu. Uliomba nisikugombeze mpaka nifike mwisho wa barua. Nimefika.

Ila tuanze na la haraka. Safu hii hutoka mara moja kwa wiki, na mama wa watu hawezi kungoja gazeti, kwa hiyo nilipomaliza kukusoma nilipiga ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji nao wajue tulichozungumza. Nilikuambia kwamba sindano ya kisukari haiachwi kwa sababu ya picha, kwamba mtu akiiacha kiholela anaweza kufa, na kwamba umpe mumeo mpaka jioni aseme mwenyewe, la sivyo utasema wewe. Ukanijibu, "Shangazi, atanichukia." Nikakuambia bora akuchukie mama yake akiwa hai.

Sasa nikugombeze. Utepe wako unapima kiuno, haupimi sukari. Kupungua kwa mpango, kwa kula vizuri na kutembea huku vipimo vinafuatwa, kunawafaa wengi wenye kisukari, na wapo ambao sukari yao hutulia mpaka wakapunguziwa dawa. Lakini anayepunguza ni daktari, tena baada ya kupima. Kukonda pamoja na kiu, kukojoa kila mara na macho kufifia ni mwili unaoomba msaada, na ninyi mkaupigia makofi. Halafu juisi asubuhi na jioni kwa mtu aliyeacha vidonge! Hata uikamue kwa mikono yako, sukari ya matunda imo humo humo.

Unauliza utajuaje la kweli. Mteja akikuletea kitambaa akaapa hakichuji, unaamini mdomo wake? Unalowesha pembe, unaisugua, unageuza upande wa ndani. Video nazo zigeuze hivyo hivyo. Koti jeupe anaweza kuvaa yeyote, wewe mwenyewe unaweza kumshonea. Tafuta jina lake kamili, alisomea wapi, anatibu wapi, na uulize kama huko wanamjua. Tazama kama mwisho wa somo kuna kitu cha kununua, maana anayekutisha kuhusu dawa ya kliniki kisha akakuuzia yake ni mchuuzi. Akisema unapona kabisa, upesi, na kila mtu anapona, achana naye. Akikuambia uache dawa bila kumwona anayekutibu, waonye na wengine. Na wale wanaoshukuru chini ya video usiwategemee kabisa: mumeo alikuwa mmoja wao, na unajua hali aliyokuwa nayo siku picha ile inapigwa.

Simu msiitupe, lakini. Mumeo ameungua mdomo sasa anataka kususa chakula chote. Wizara za afya, hospitali kubwa na vyama vya wenye kisukari wana masomo mazuri ya bure, ya namna ya kupanga sahani, ya kukagua miguu kila siku isije ikaota kidonda bila mtu kujua, ya kufanya nini sukari ikishuka ghafla. Ukisoma jambo jipya, litafute pia kwa wengine wasiouza kitu, angalia liliandikwa lini, na ulipeleke kliniki kabla hujalipeleka jikoni. Na yule muuguzi, sare yake mshonee kwa mkono uliotulia, na bei usimwambie.

Huyo wa majani mtakeni aiondoe picha. Akikaidi, uripotini ukurasa wake kwa wenye mtandao na kwa mamlaka za afya. Redio msimnunie, alituma kwa mapenzi. Mpeni kazi: kila aliyemtumia picha ile amtumie na habari ya kilichofuata. Kama hazimiki, basi leo tumepata faida yake.

Wasomaji watataka kujua ilikuwaje. Jana fundi wetu alinipigia, na sauti tu ilinitosha kabla ya maneno. Mumewe aliitumia ile jioni niliyompa, akaenda kwa mama yake amevaa suruali ya kiraka, ndugu wote wamo, akawageuzia mgongo akawaonyesha, akaeleza kiraka kimetokana na nini. Redio alicheka kwanza, kisha akalia kuliko wote. Mama mtu akamvuta mwanawe akamketisha ubavuni, akamwambia, "Picha ile nilipoiona, nilisema mwanangu anaumwa. Mlivyopongeza nyote, nikadhani macho yangu ndiyo mabovu."

Unga umerudishwa ulikotoka, na mama hakukosa hata sindano moja. Nami nilipokata simu nilifuta machozi hapa ofisini mbele ya watu, sioni haya kusema. Wewe rudi kwenye cherehani, mwanangu. Na kuanzia leo nguo za mumeo nazo ziachie kitambaa ndani.