Papa Asani Hakuiua Mashine

Mama mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka Kisangani. Mgongo umepoa? Na Papa wetu hapo nyumbani, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Moyo sijui, nakula, nakwenda kazini, sisikii kitu.

Unamkumbuka Papa Asani, yule wa kwetu Kindu aliyenipokea hapa na kunilaza kwake. Ofisini kwetu bandarini ndiye aliyeshika mashine ya zamani, ile ya orodha za mizigo. Mwezi uliopita, siku ya kwanza ya programu mpya, ilikwama mbele ya wageni wa mkurugenzi. Wakubwa wakasema mikono yake ya kizee imeiharibu, wakamfukuza.

Mama, kosa ni langu. Programu ile niliiandika mimi, kwenye mashine mpya ya chef wangu, mkubwa wangu wa kazi. Maandishi yangu hugeuzwa kuwa amri na programu nyingine, tunaiita kompilateri. Hiyo yataka uiambie mambo mawili: amri ziwe za prosesa ipi, yaani ubongo upi wa mashine, na zipangwe ziende mbio kwenye prosesa ipi. Niliiambia la pili tu, nikataja prosesa ya zamani, nikidhani inatosha. Usipoiambia la kwanza, yetu ilivyowekwa hujichagulia prosesa ya mashine iliyomo, yaani ile mpya. Ni kama kumpikia mgeni chakula anachokipenda, halafu kumsemesha lugha asiyoijua. Mashine ya Papa Asani ilikuta amri isiyoifahamu, ikasimama.

Nilitambua juzi. Nikataja yote mawili, programu ikatembea vizuri. Nikamweleza chef. Akasema nimefanya vema, sasa ninyamaze. Karatasi ya kumfukuza Papa Asani imeshasainiwa, na mimi nina wazazi wanaonitegemea.

Jana nikaenda kwa Papa Asani mwenyewe, nikamweleza kosa langu. Alikuwa akifunga vitu vyake arudi Kindu. Nilingoja anitukane. Akauliza tu, "Donc, mashini iko muzima?"

"Iko muzima, papa."

"Bon. Alors haikukuwa mikono yangu."

Akaendelea kukaza kamba. Nilitaka kulia, machozi yakakataa.

Asubuhi hii nimempelekea mkurugenzi barua yenye kosa langu na jina langu. Najua dawa za Papa huko nyumbani zinatoka kwenye kazi hii. Nisamehe.

Nisalimie dada yangu mshonaji, na mjomba, tonton wa mitumbwi, na bibi asiyeona.

Nikija nyumbani, ujue wameisoma barua na kunifukuza. Nisipokuja, wameichana, na mimi ndiye ninayekaa mezani pa Papa Asani ofisini.

Mwanao,
Ramazani