Mama Amenikimbia, Alhamdulillahi

Nyasho, Musoma. Jumapili jioni. Upepo wa ziwani unapiga mabati na mimi nacheka peke yangu.

Leo nimekimbiwa na mwanamke mtu mzima, mchana kweupe, na tangu nizaliwe sijafurahi hivi.

Niandike taratibu, maana mkono unataka kurukia mwisho.

Aliyenileta huku ni Rashidi. Tunasoma chuo kimoja Kampala, mimi mtoto wa Mombasa, yeye wa hapa Tanganyika, na likizo hii fupi isingenitosha kwenda kwetu na kurudi. "Twende kwetu ukale samaki wa maji matamu," aliniambia. Tukapanda meli, daraja la tatu, tukajibanza sitahani kati ya magunia. Chuoni wote wanajua nimekuja kutembea. Rashidi peke yake ndiye anayejua nimekuja kwa ajili ya dada yake.

Mariamu alisomea ukunga Kampala, akamaliza, akarudi kwao. Sisi wawili tulikwisha kubaliana. Walibaki wazee. Baba yake, fundi cherehani hapa Nyasho, hakunizungusha. "Mi sina neno, kijana. Mwenye neno ni mama yao, na yeye yuko Butiama kwenye mihogo yake."

Basi tukapanga nifike Butiama kama rafiki wa Rashidi tu. Mama anione, anizoee, na baadaye sana ndipo nitume wazee kwa heshima. Mpango ulikuwa mzuri. Miguu yangu ndiyo iliyouharibu.

Melini Rashidi alikuwa amenieleza mila za upande wa mama yake. "Huku mama mkwe hatumwangaliagi usoni. Hatumpagi mkono, hatulagi naye. Ukikutana naye njiani, unaachaga njia." Nikazikariri kama maswali ya mtihani. Siku ya kwenda Butiama, lori lililokuwa likienda Bunda kufuata pamba likatushusha njia panda, tukashika njia kwa miguu. Karibu na nyumbani akatokea mama mmoja, mtungi kichwani.

"Mama huyo!" akasema Rashidi.

Na mimi, msomi wa Kampala, nikaruka njia, nikaingia mihogoni, kwenye magugu ya miiba, nikampa mgongo.

Hatua za mama zikakoma nyuma yangu.

Nilikuwa nimejitangaza mkwe, bila mshenga, bila hata salamu, na miiba imejaa kwenye suruali.

"Nani amemwoza huyo?" mama akauliza. Rashidi alikuwa ameshika magoti kwa kucheka. Kisha mama akaniita, kwa upole kabisa: "Toka huko mwanangu, miiba itakuchoma. Mi sio mkwe wako. Njoo unipe mkono."

Nikamwamkia shikamoo, nikampa mkono. Mkono wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Kuanzia hapo mama yule akanifanyia wema ulioniua. Alinipakulia mwenyewe ugali wa muhogo na mtama, akaketi mbele yangu, akanitazama machoni, mwanangu hii, mwanangu ile. Mgeni mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilijua kila tonge ni hapana, na wale furu wake, visamaki vya ziwani vya kukaushwa, nikawameza kama kwinini.

Ubaya zaidi, nilimpenda. Ana kicheko kinachoanzia tumboni, na ulimi wake haulali. "Kwenu mnafugaga nini?" aliniuliza. Nikasema kuku. "Kuku!" Alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jana jioni tulikuwa tunamenya mihogo, mimi, yeye na Mariamu, anayekaa naye huko. Ghafla akaweka kisu chini.

"Huyu nilimzaa mwenyewe," akasema, bila kumtazama mtu. "Akiugua huko kwenye maji ya chumvi, nitamfikiaje?"

Kumbe ndilo lililokuwa likimsumbua. Si ng'ombe wa mahari, wala si kuku wetu. Nilikuwa na hotuba nimeitunga tangu Kampala, ikanitoka yote kichwani.

"Mama, sijui," nikasema. "Ninayoijua ni njia niliyojia. Siku atakayotaka kukuona, nitamrudisha kwa njia hiyo hiyo."

Akamgeukia binti yake. "Na wewe?"

"Mi nilishachagua, mama," Mariamu akajibu, kisu hakikusimama. "Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Mama akakusanya mihogo yake akaingia ndani.

Leo asubuhi hayumo nyumbani. Tukangoja kuaga, tukangoja, na lori halingoji mtu. Tukaondoka, Mariamu akitusindikiza na kikapu chake. Moyoni nilikwisha kata tamaa. Hata kuagwa nimenyimwa, nilisema.

Tulipofika kwenye ile mihogo, mama huyo, anatoka kisimani. Alipotuona akasimama. Nikanyoosha mkono wangu wa mgeni, tayari.

Akatua mtungi. Akavuta khanga, akafunika uso, akaiacha njia, akaingia mihogoni.

Akanipa mgongo.

Rashidi alitupa mzigo wangu chini, "Allahu akbar!" kama aliyefunga goli. Mariamu alicheka huku machozi yanamtiririka. Mimi nikaruka upande wa pili, kwenye miiba, na safari hii sikusikia hata mmoja.

Kutoka mihogoni ikaja sauti: "Rashidi, mwambie huyo mtu asilalage njaa melini. Kuku nimempa Mariamu, kwenye kikapu."

Kuku, jamani!

Baba yao aliposikia, aliusimamisha mguu kwenye cherehani. "Amekukimbia? Mwenyewe? Basi lete wazee wako. Mimi mama mkwe wangu alinipaga mkono mwaka mzima kabla hajanikimbia."

Kesho ni meli. Nitapita chini ya bendera ya Mwingereza pale boma, nitamwonyesha karani tiketi yangu ya daraja la tatu, na nitatembea kama liwali.

Ila jambo moja linanichoma. Sitaketi tena mbele ya mama yule. Kicheko chake nitakisikia nikiwa upande wa pili wa ukuta, mpaka mmoja wetu afe. Ndiyo bei yake, na nimeikubali.

Lakini sikuwahi kumwambia kwamba ugali wake ni mtamu kuliko wa binti yake. Sasa salamu hiyo nitamtuma nani, Mariamu?