Asali ya Ansgar

Salvina, shoga yangu, upo? Nina hasira kweli. Ansgar, mdogo wangu, ameandika kwenye kundi la familia kwamba binti yake Anisia, aliyegundulika juzi ana kisukari, atumie asali. "Ni sukari ya matunda, haina madhara." Ansgar! Yeye!

Unakumbuka mwaka themanini na nne, sukari ilipoadimika Ushirombo? Mama alishangilia peke yake, maana Baba alikuwa na kisukari na duka tupu lilimlinda. Lakini kidonda cha mguuni hakikupona. Siku moja Mama akamkuta Ansgar akimkorogea Baba uji wa asali.

"Asali si sukari, Mama. Ni ya Mungu."

Mama alikwenda zahanati kuuliza. Mganga akamweleza kwamba sukari ya matunda ni tamu kuliko ya dukani na imejaa kwenye asali, lakini humo imo pia glukosi, ile inayopandisha sukari ya damu. Sukari ya dukani ni hizo hizo mbili zilizoshikana, na tumboni huachana. Embe zima angalau lina maji na nyuzinyuzi. Asali ni utamu mtupu.

Mama alirudi akamwaga kibuyu kizima cha asali uani, akilia. Alikuwa amechelewa. Mguu wa Baba ulikatwa.

Leo nimemkumbusha Ansgar. Amenijibu, "Dada, hayo ya zamani."

Ya zamani, Salvina! Nimeweka kundini picha ya Baba na magongo yake.

Kisha Anisia akaandika, "Shangazi, chupa ya asali aliyoniletea baba yangu naimwaga sasa hivi."